Nani Alikimbia Darajani

Muulize mtu yeyote wa Tolliver, wale wa mtaa wa juu wenye vibaraza vya nguzo nyeupe, atakuambia kwamba mwaka 1864 askari weusi waliokuwa wakilinda daraja la mto Sandlick walisikia mzinga mmoja tu, wakatupa bunduki, wakatoka mbio, mguu niponye, hadi msituni. Atakuambia huku anatabasamu. Kasimuliwa na baba yake, na baba yake kasimuliwa na babu, na katika mji mdogo uongo hurithiwa pamoja na vijiko vya fedha. Nimeusikia huo uongo tangu nikiwa sijui kufunga viatu.

Mimi nilisimuliwa na mtu aliyewazika. Bibi yangu Keturah, mzaa baba, ndiye aliyenilea, na mumewe Josephus Yandell alikuwa mmoja wa askari wale. Josephus alitoroka shambani akaenda kuandikishwa jeshi la Kaskazini, na kwa sheria ya wakati ule, hapa Kentucky, mtumwa akivaa koti la bluu amekuwa huru. Mkewe je? Mkewe bado mali ya mtu. Vita vinapiganwa kwa ajili yake, naye yuko jikoni anamenya viazi vya bwana. Siku ile wapanda farasi wa Kusini walipokuja kulitaka daraja, Bibi alisikia milio kuanzia asubuhi mpaka mchana, kisha kimya. Daraja hawakulipata. Waligeuza farasi wakaenda kuvuka mbali huko chini, kwenye maji mafupi, lakini nyuma yao waliacha watu wetu kumi na mmoja wamelala mlangoni mwa daraja.

Bwana wake Bibi aliwapa wanawake wa jikoni ruhusa ya kwenda kuzika hadi jua litakapozama, basi. Kwa muda ule ungembeba nani umpeleke wapi? Kila mmoja alichimbiwa palepale alipoanguka. Ndiyo maana makaburi yetu yamejipanga safu moja, yameziba mdomo wa daraja, wala hayakufuata utaratibu wa makaburi mengine. Bibi alinipeleka pale kila mwaka hadi alipokufa, nami nikampeleka mwanangu Lemuel tangu akiwa na umri wa kushika ufagio.

Sasa, kwetu sisi kaburi halioti nyasi. Nyasi juu ya kaburi ni aibu. Ni kusema marehemu hana watu. Kila mwezi Mei, kabla ya siku ya kupamba makaburi, mtaa wetu weusi wa Bondeni wote tunatoka na majembe. Tunaparua mpaka udongo mwekundu uwe mtupu, tunafagia kwa fito, halafu tunaweka vitu vya marehemu: kikombe, taa, sahani iliyovunjwa makusudi ili kifo kivunjike nayo, kisirudi kuchukua mwingine nyumbani. Mawe ya kuandikwa majina hatukuwahi kuwa nayo. Hatukuyahitaji, maana mtoto yeyote wa Bondeni alikuwa anaweza kukuonyesha nani yuko wapi.

Mwaka 1964 mji ukaunda kamati ya kuadhimisha miaka mia ya vita vile. Wakaamua kufanya igizo kubwa, farasi, mzinga, bendera, na watu wa televisheni waje kutoka Louisville kupiga picha. Mwenyekiti alikuwa Bwana Purvey, mwenye ghala la tumbaku. Babu yake ndiye huyohuyo aliyempa Bibi yangu ruhusa hadi jua lizame. Wakatafuta mahali pa kuigizia, wakaona pale darajani kuna kiwanja kizuri kitupu, hakina hata jani. Wakaleta trekta likazoa vikombe, taa na sahani zetu, likavitupa mtoni.

Niliposikia nilivaa kofia yangu ya kanisani nikaenda ghalani. Lemuel alikuwa akifanya kazi humo, akipakia marobota ya tumbaku, na aliponiona alijificha nyuma ya gari, maana ananijua. Bwana Purvey alinyanyuka kwenye kiti akasema, "Karibu, Shangazi Ardella." Wazungu wa kwetu wakitaka kukuonyesha wema bila kukupa heshima ya kukuita Bibi Yandell, wanakuita shangazi.

Nikamwambia, "Baba yako hakuwa kaka yangu, Bwana Purvey. Labda kama kuna jambo la nyumbani kwenu hamjatuambia."

Karani wake akajifanya anakohoa. Purvey akawa mwekundu, lakini akanivutia kiti. Nikamweleza kwamba ametupa vyombo vya marehemu na anataka kukimbiza farasi juu ya watu. Akaniuliza mawe yako wapi. Akaniuliza nyasi ziko wapi. Makaburi anayajua, akasema, yana nyasi zilizokatwa vizuri na marumaru. Pale yeye aliona udongo mtupu na vigae, akajua ni jalala. Yaani pale tulipomwaga heshima yetu yote kwa miaka mia, mwenzetu kaona takataka. Damu ilinichemka mpaka masikio yakawa ya moto. Nikamwomba kwa maneno mazuri, ya kuomba siku hizi sina mengi, lakini niliomba, ahamishe igizo lake, na kama hahamishi basi asiseme kwamba walikimbia. Akanijibu kwa upole, kama anayembembeleza mtoto, kwamba historia ni historia, babu yake alikuwepo.

"Na babu yangu alikuwepo," nikasema. "Bado yupo."

Hakunielewa. Akanisindikiza mlangoni, na pale mlangoni ndipo akaniambia kwamba watu wa kuigiza askari weusi ameshawapata, vijana wa ghalani kwake, na atakayewaongoza ni Lemuel wangu. Ni mrefu, akasema, na mbio anazo.

Nilirudi nyumbani kwa miguu na sikumwona mtu njiani, ingawa wanasema nilisalimiwa.

Jioni ile Lemuel na mkewe Corinne walikuja kula kwangu kama kawaida. Corinne alikuwa na mimba kubwa, anakaa pembeni ya meza kwa sababu tumbo halimruhusu kukaribia. Niliweka maharage na mkate wa mahindi, nikaweka na ukimya. Lemuel alikula kidogo, akaona bora aanze yeye.

"Mama, ni mchezo tu. Tunakimbia kidogo, watu wanacheka, tunarudi tunakula kuku."

"Unamkimbia nani?"

"Amesema asiyetaka kucheza asijisumbue kuja kazini Jumatatu. Mtoto anakaribia kuzaliwa. Nitamlisha hadithi za Bibi Keturah?"

Lile neno lilinichoma, tena mbele ya Corinne, ambaye aliinamisha macho. Nilitaka kuinuka, lakini Lemuel alikuwa hajamaliza. Alisema kwa sauti ya chini, bila kuniangalia, na nadhani alikuwa amelibeba siku nyingi.

"Na tuseme walikimbia kweli. Mzinga, Mama. Mzinga wenye risasi, siyo wa igizo. Vijana wa mashambani, wameshika bunduki miezi miwili. Mimi ningekimbia. Haki ya Mungu ningekimbia."

Nilimuuliza kama walikimbia mbona wamelala mlangoni. Nani anakimbia, halafu anafia palepale alipokuwa amesimama? Wakimbiaji tungewazika msituni, mmoja huku mmoja kule, migongo imetobolewa. Bibi alisema hakuna hata mmoja aliyekuwa na tundu mgongoni. Na aliwaosha yeye. Lemuel alisukuma sahani, akamshika mkewe mkono wakaondoka. Tangu siku ile tukawa tunasalimiana kama wapangaji wawili wa nyumba moja, habari za asubuhi, nzuri, basi.

Naomba nieleweke hapa. Kazi naijua thamani yake. Nimefua nguo za watu miaka arubaini. Sikutaka mwanangu alale njaa. Lakini picha zingepigwa, zingeonyeshwa Louisville na kwingine, na mjukuu wangu aliyekuwa tumboni angekua akifundishwa shuleni kwamba watu wake walikimbia, na ushahidi ni baba yake mwenyewe, yule pale, anatimua mbio. Nani angeniamini mimi na jembe langu? Hilo ndilo lililokuwa linaninyima usingizi.

Baada ya ibada Jumapili wanawake tulikutana jikoni mwa kanisa. Dada Zenobia, msusi wetu, ambaye habari zote za Bondeni hupita mkononi mwake pamoja na nywele, alisema dawa ni kukaa majumbani. Tufunge mapazia, waigize wenyewe. Wengi wakaitikia. Mimi nikasema haiwezekani.

"Tumejifungia mara ngapi katika mji huu?" nikawauliza. "Siku wakisema tumekufa wote, tutajifungia pia ili tusiwaharibie? Mimi nitakwenda, tena nitasimama mbele. Mwanangu akikimbia, atakimbia akinipita. Na aniangalie usoni."

Zenobia akasema, "Haya, na tukifika huko tukacheka?"

"Cheka. Umelipia kodi ya ile barabara."

Basi wakakubali. Lakini habari zilizokuwa zinatoka mazoezini hazikunipa moyo. Vijana walikuwa wanafanyia mazoezi kwenye kiwanja cha mpira nyuma ya shule, na kaka yake Zenobia, aliyekuwa mmoja wao, alisema wanakimbia vizuri kweli. Mzinga ukisema bumu, wanarusha bunduki za mbao, wanapiga mayowe, Bwana Purvey anapiga makofi. Lemuel ndiye wa kwanza. Nilimshukuru kwa habari nikaenda kufua mashuka ambayo hayakuwa machafu.

Siku yenyewe ikafika, Jumamosi ya joto kali. Mji wote ulikuwa ukingoni mwa mto, na wengine wametoka wilaya za jirani. Bendera za Kusini zilikuwa nyingi kuliko miti. Sisi wa Bondeni tulikuja tumevaa nyeupe, wazee kwa watoto, tukapita katikati ya watu moja kwa moja hadi kwenye kamba ya mbele. Mama mmoja akaniambia nafasi hiyo imewekwa. Nikamwambia ni kweli, imewekwa, na wenyewe tumefika. Corinne alikuwa kando yangu, amenishika kiwiko.

Vijana wakaletwa. Makoti ya bluu yalikuwa sare za wafagiaji zilizoongezwa vifungo, na la Lemuel lilimfika juu ya vifundo vya mikono. Mtu wa kamati aliwapanga safu mbili katikati ya kiwanja, kama walivyofanya mazoezini, akaondoka kwenda kuwaandaa wapanda farasi. Alipogeuza mgongo, nikaona Lemuel anatembea taratibu, macho chini, anapima kwa nyayo. Akasimama mahali, akarudi nusu hatua, akamwita kaka yake Zenobia kwa kidole, akamsimamisha hapo. Akasonga, akapima tena, akamwita mwingine. Vyombo vyetu havikuwepo, trekta lilikuwa limesawazisha kila kitu, lakini yule mtoto alikuwa ameparua udongo ule tangu akiwa na miaka minne. Alimpanga kila kijana juu ya mtu wake. Wa mwisho alikuwa yeye mwenyewe, kwa Josephus.

Zenobia alinibana mkono. Nikamwambia angoje. Kusimama kabla ya mzinga kila mtu anaweza.

Bwana Purvey alikuwa jukwaani na kipaza sauti, yeye ndiye msimuliaji. Akaanza kwa sauti ya kanisani. Mashujaa wa Kusini wanakaribia. Daraja linalindwa na watumwa waliopewa bunduki wasizozijua. Watu wakacheka. Farasi wakatokea kule ng'ambo, ishirini na kitu, vijana wa klabu ya farasi na daktari wa meno mbele yao na upanga. Kisha mzinga ukalia, na hata kama ulikuwa wa baruti tupu, niliusikia kwenye meno.

"Na kwa mlio wa kwanza tu," Bwana Purvey akasema, "wakatupa bunduki zao wakakimbia."

Hakuna aliyekimbia. Moshi ulipita, ukawaacha palepale. Kijana mmoja wa mwisho kabisa wa safu alitikisika kama anayetaka kwenda, na Lemuel akasema neno ambalo sikulisikia, yule akatulia.

"Wakakimbia," akarudia Bwana Purvey, kwa nguvu zaidi. "Wakatupa bunduki. Wakakimbilia msituni."

Msitu ulikuwa pale, mtupu. Bunduki zilikuwa mikononi. Kule kwetu mtu akaanza kucheka, nadhani ni Zenobia, kisha kicheko kikatembea kwenye kamba nzima, na sikudanganyi, hata baadhi ya watu wa mtaa wa juu kikawatoka, maana mtu mzima anayetangaza jambo ambalo macho ya watu wote yanaona halipo ni kichekesho kwa yeyote. Purvey akawaashiria watu wa mzinga wapige tena. Wakapiga. Safu haikusogea.

Farasi sasa walikuwa wamefika mdomo wa daraja, na farasi ana akili, hakanyagi mtu aliyesimama. Wakasimama, wakaanza kuzungukazunguka, upanga wa daktari wa meno umebaki hewani hana pa kuupeleka. Akainama akamwambia Lemuel kitu, na kwa sababu watu walikuwa wamenyamaza, tulisikia wote.

"Vipi, bwana? Si mnakimbia?"

"Sisi hatukukimbia," Lemuel akasema. "Nyinyi ndio mliogeuza farasi. Basi geuzeni. Na mrudishe nyuma kidogo huyo wako, amemkanyaga babu yangu."

Daktari wa meno akaangalia chini. Sijui aliona nini, udongo mtupu tu, lakini alimrudisha farasi nyuma, hatua baada ya hatua, na wenzake wakarudi naye. Kipaza sauti kikapasuka kwa sauti ya Purvey, amesahau kabisa kwamba mji wote unasikia, pamoja na wale wa televisheni.

"Lemuel! Unajua unakula kwa nani wewe?"

"Kwa mama yangu," Lemuel akasema.

Mungu anisamehe, nilicheka mpaka kofia ikaanguka. Bondeni nzima ililipuka. Purvey alimfukuza kazi palepale, yeye na wenzake kumi, kwenye kipaza sauti, kwa majina, na kila jina lilipotajwa sisi tukapiga makofi, ikawa kana kwamba anawatunuku. Mwishowe akagundua, akazima chombo. Farasi walikuwa wameshageuka. Watu wakaanza kukunja viti, wengine kwa hasira, wengine kimya, na kuna waliokuwa wakiutazama ule udongo.

Vijana wengine wakatoka kwenye safu, wakakumbatiwa na mama zao. Lemuel hakutoka. Niliona bado amesimama, bunduki ya mbao kifuani, nikapita chini ya kamba nikamfuata na chupa ya maji. Uso wake ulikuwa wa kijivu.

"Twende, baba," nikamwambia.

"Siwezi, Mama. Ngoja kwanza. Miguu."

Nikaishika chupa akanywa, meno yanagonga kioo. Alitetemeka kuanzia magoti hadi mabegani. Akaniambia ule mzinga ulipolia mara ya kwanza mwili wake ulikwenda, kabisa, yeye ndiye aliyebaki, hajui alibakije. Na ulikuwa mzinga wa uongo. Akaniuliza, kwa sauti ndogo kama ya zamani alipokuwa akiogopa radi, wale walikuwa watu wa namna gani hata wasiogope.

Kuna jambo Bibi Keturah aliniambia mara moja tu, akiwa mgonjwa, na nililiweka. Alisema ni la familia, na familia ilikuwa imesimama mbele yangu inatetemeka.

"Bibi alipomkuta Josephus," nikamwambia, "hakuweza kumlaza mara moja. Mguu wake ulikuwa umefungwa kwenye nguzo ya daraja. Kwa mkanda wake mwenyewe, fundo amelifunga kwa ndani. Alijifunga, Lemuel. Aliijua miguu yake."

 Akautazama udongo uliokuwa chini ya viatu vyake, na machozi yakamtoka, hakuyafuta.

"Mimi sikujifunga," akasema.

"Nimeona."

Corinne akaja, akamshika upande ule mwingine, nasi tukangoja pale mpaka miguu yake ilipokubali.